Miguu Niliyowawekea Buibui

Ashukuriwe Mungu aliyemuumba kiboko wa ziwa letu na pia kiumbe asiyezidi punje ya mchele, akamwekea kila mmoja chakula chake. Yeye amenifikisha mwisho wa kazi nikiwa na macho yangu, meno ya kutosha, na akili ya kukumbuka nilikopita.

Ninyi mnaobaki kituoni mmeniomba niwaandikie habari za miaka yangu ya kukusanya wadudu. Sitaandika nilipanda cheo gani wala nililipwaje. Mambo hayo hayamfundishi mtu kushika mdudu bila kumvunja mguu. Nitaandika kazi. Na kwa kuwa kazi hiyo imeniachia aibu moja ambayo kanisa letu zima la Lambwe linaijua, afadhali muisikie kwangu mimi mwenyewe kuliko kuisikia sokoni Ndhiwa, ambako inaongezwa chumvi kila siku ya soko.

Nilizaliwa upande wa Migori, nikaja bonde la Lambwe nikiwa kijana kuangalia mitego ya mbung'o karibu na mbuga ya Ruma. Mitego ile ilikuwa ya kitambaa cha buluu na cheusi, kwa sababu mbung'o hupenda buluu. Siku ya kwanza nilivaa shati la buluu. Aliyenipokea, Mzee Chacha, Mkuria mwembamba asiyepoteza neno, alinitazama toka juu mpaka chini, akaniuliza kama nimekuja kufanya kazi au nimekuja kuwa mtego. Jioni nilirudi nimevimba shingo. Sikuwahi kuvaa buluu tena kazini.

Mzee Chacha ndiye aliyenifundisha karibu yote ninayoyajua. Alinifundisha kuvuta mdudu kwa mrija wenye kipande cha chandarua katikati, ili usimmeze. Alinifundisha kuziba chupa kwa pamba yenye unyevu kidogo, maana pamba kavu huua kwa kiu na pamba iliyolowa huzamisha. Na alinipa kanuni moja aliyoirudia mpaka nikaichoka: "Usimkimbilie. Ngoja, ataonyesha mwenyewe." Nilidhani anasema habari za wadudu tu.

Mbung'o walipopungua, kituo chetu cha utafiti kilichoko upande wa Sindo kilinihamishia kwa Daktari Robi, binti wa Kikuria mwenye sauti ya chini, aliyekuja kuchunguza buibui. Nilihuzunika. Kwetu buibui si kazi ya mtu mzima. Buibui ni kitu ambacho mama wa nyumba hukipiga kwa ufagio kabla wageni hawajafika, na mimi wakati ule nilikuwa nimekwisha kuwekewa mikono kuwa mzee wa kanisa. Nilimweleza mke wangu Rosa kwamba sasa ninachunguza mbu. Haukuwa uongo kamili, kama mtakavyoona.

Buibui wale ni wa jamii ambayo wataalamu huiita Evarcha. Hawatandi utando wa kunasia. Huwinda kwa macho kama paka: huona, hunyemelea, huruka. Jamii hiyo ina aina nyingi, na nyingi hula mdudu yeyote apitaye. Lakini iko aina moja inayoishi pembezoni mwa ziwa letu, dume wake ana uso mwekundu kama aliyepaka udongo, na hao hupenda zaidi ya vyote mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Hawawezi kututoboa ngozi wanywe damu yetu, basi humngoja aliyeinywa. Mara ya kwanza Daktari Robi alinionyesha mmoja akiwa ameshiba, tumbo limekuwa jekundu. Akaniambia, "Mzee, hiyo pengine ni damu yako." Nilimtazama yule mdogo, naye akageuka akanitazama kwa yale macho mawili makubwa ya mbele. Tangu siku hiyo sikuweza kuua buibui, wala sikuweza kumweleza mtu yeyote sababu yake.

Hupatikana kwenye nyasi karibu na nyumba, kwenye kichaka cha maua ya rangirangi tunachokiita nyabend winy, na hasa kwenye kuta za udongo za nyumba ambamo mbu hupumzika baada ya kula. Mchana hutulia chini chini ukutani, mahali penye kivuli. Humkamati kwa mkono. Unamfunika taratibu kwa chupa, unapitisha karatasi ngumu kati ya mdomo wa chupa na ukuta, basi. Ukiharakisha ataruka mpaka kwenye shavu lako, na mwenye nyumba atakucheka.

Kisha zikaja soksi. Daktari Robi alitaka kujua kama buibui hawa huvutwa na harufu ya binadamu, maana alipo binadamu mbu watakuja. Harufu ya binadamu hukaa wapi zaidi ya miguuni? Kwa hiyo kazi yangu ikawa kutafuta watu wavae soksi mpya, wazivae mchana na usiku bila kuvua, bila maji, bila sabuni, bila mafuta, kisha nizichukue kwenye mfuko uliofungwa. Zinawekwa upande mmoja wa kisanduku cha kioo, soksi safi upande wa pili, na buibui katikati achague. Mjue ilivyo kumfuata mwalimu mstaafu na kumwomba soksi zake zikiwa zimenuka vizuri. Nilizinunua Ndhiwa kwa mafungu, na muuza mitumba akaanza kuniita Mzee Soksi. Baada ya muda mfupi watoto wa shule ya Sabato wakalijua jina hilo. Nilipokosa wa kuzivaa, nilizivaa mwenyewe. Rosa alilitoa godoro letu chumbani pamoja na mimi juu yake, na hivyo akaujua ukweli wote kuhusu mbu wangu.

Sasa nifike kwa Mzee Okeyo.

Mzee Okeyo alinizidi umri kidogo. Mjane wa kiume, mkulima wa mtama na mahindi pale bondeni, tuliketi benchi moja kanisani. Nyumba yake ya udongo, aliyokataa ibomolewe kwa sababu mkewe ndiye aliyeisiriba, ilikuwa na buibui wetu kuliko nyumba yoyote niliyoingia. Nyumba nyingine zilikuwa zimekuwa za matofali na saruji, na kuta hizo buibui hawakuzipenda. Kwa miaka mingi aliniacha niingie na chupa zangu. Alikuwa akiketi kwenye kigoda akinielekeza kwa fimbo, "Pale, owadwa. Hapana, chini yake. Huyo mwenye uso mwekundu ni mjeuri, anza na mke wake." Owadwa ni ndugu yetu, ndivyo tunavyoitana kanisani.

Siku moja Daktari Robi alitaka kumleta mgeni wake kutoka Nairobi, mtaalamu aliyemfundisha, auone ukuta huo kwa macho yake. Nilimwambia Mzee Okeyo kwamba wageni wakubwa wanakuja. Sikumwambia zaidi. Ninyi mliolelewa huku mnajua tayari kilichotokea. Tulipofika, nyumba ilikuwa inang'aa. Wake za wanawe walikuwa wamefagia kuta tangu darini, wakasiriba upya kwa udongo na samadi, wakachora pambo la majivu kuzunguka mlango. Sikuona buibui hata mmoja. Chai ilikuwa mezani, kitambaa kimetandikwa, na wale akina mama wamesimama kando wakingoja tuseme neno.

Neno nililosema ni hili: "Mzee, afadhali nyumba hii ilivyokuwa chafu."

Nililisema mbele ya wageni, na mbele ya wake za wanawe. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana hata kivuli. Hawaketi kiti kimoja, hawatajani majina ovyo. Na mimi, mzee wa kanisa, nilisema mbele yao kwamba baba yao aliishi kwenye uchafu na kwamba kazi ya mikono yao ilikuwa hasara. Walitazama chini. Mgeni hakuelewa, akasifu chai. Mzee Okeyo aliinuka, akachukua fimbo yake. Alitusindikiza mpaka kwenye ua wa mikatani, kama mwenye nyumba mwema anavyofanya, na tangu siku hiyo nikipita na chupa zangu nilikuta mlango umefungwa. Kanisani alihamia benchi la nyuma.

Nilijiambia nitamwona wiki hii, kisha wiki ile. Nilisali juu ya jambo hilo mara nyingi. Kusali ni rahisi kuliko kutembea mpaka kwa mtu.

Miezi ikapita. Buibui waliobaki kituoni, wote wa ukuta wa Mzee Okeyo, walianza kuzeeka, na Daktari Robi akawa na haraka ya kumaliza jaribio la soksi kabla hawajafa. Nikaahidi kumpelekea soksi zangu Jumapili asubuhi. Nilizivaa Ijumaa mchana, kabla jua halijatua, ili nisiwe nimeanza kazi ndani ya Sabato, ambayo kwetu huanza jioni hiyo na kwisha Jumamosi jioni. Nilimweleza Rosa kwamba soksi ndizo zitakazofanya kazi, mimi nitakuwa nimepumzika.

Rosa akasema, "Na punda naye afanye kazi Sabato, mradi wewe hujashika jembe?"

Nikavaa viatu.

Robo ile ya mwaka Meza ya Bwana ilikuwa imeahirishwa kwa sababu mvua ilikata barabara na mchungaji wa mtaa, anayehudumia makanisa mengi, hakuweza kufika. Sabato hiyo tukamwona amekuja. Mashemasi waliarifiwa jioni iliyotangulia. Simu yangu mimi ilikuwa imeisha moto. Nikasikia akitangaza kwamba kwanza tutakwenda kutawadhana miguu, kama Mwokozi alivyowafanyia wanafunzi wake, ndipo turudi kwa mkate na divai. Wasiojua desturi yetu waelewe hivi: katika huduma hiyo kila mtu humwosha mwenzake miguu, na mtu mwenye neno na ndugu yake humtafuta huyo huyo. Beseni likivuka kutoka benchi moja kwenda jingine, kila mmoja anajua ni nini kinachopatanishwa.

Wanaume tulitoka nyuma ya kanisa kwenye kivuli cha ukuta. Mimi nilibaki nimesimama karibu na mlango, vidole vimejikunja ndani ya viatu. Nikamwona Mzee Okeyo anakuja, taulo begani, beseni mikononi, akitembea polepole maji yasimwagike. Aliwapita wazee wote waliomwita. Akaliweka mbele yangu.

"Owadwa," akasema, "keti."

Vijana wangu, nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Nilichowaza wakati ule si Mungu, wala si yeye, wala si wale akina mama. Nilimwaza Daktari Robi na mfuko wake, na kanuni ya kutogusa maji.

"Si leo, Mzee," nikasema.

"Si leo?"

"Miguu yangu leo ina kazi."

"Kazi gani, Sabato?"

Nilisema polepole, lakini wote walikuwa wamenyamaza. "Ya buibui."

Mtu mmoja alikohoa kama anayeficha kicheko. Mzee Okeyo hakucheka. Aliinama akaliinua beseni.

"Kwanza nyumba yangu ilikuwa safi mno kwako," akasema. "Leo maji yangu nayo ni safi mno."

Akayamwaga kwenye nyasi, akakunja taulo vizuri, akaenda nyumbani. Hakurudi kuula mkate. Mimi nilipaswa kusimama mezani pamoja na mchungaji. Nilimnong'oneza amtafute mzee mwingine, nikaketi kwenye benchi la nyuma, mahali alipokuwa akiketi Mzee Okeyo, mkate ukanipita, divai ikanipita. Na soksi nilikuwa bado nimezivaa. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Baada ya hayo yote sikuzivua, kwa sababu nilikuwa nimezilipia ghali mno.

Jumapili nilizifikisha kituoni. Daktari Robi aliniona uso, akaniuliza kama kuna msiba. Nikamweleza. Aliuweka ule mfuko mezani.

"Mzee," akasema, "soksi zingengoja. Ningekupa jozi nyingine uvae wiki hii."

Hakunikaripia; laiti angenikaripia. Tuliziweka kisandukuni, akamtia buibui jike katikati. Yule mdogo aligeuka mara moja, akatembea mpaka kwenye wavu uliokuwa mbele ya soksi zangu, akasimama pale akitetemesha mikono yake ya mbele. Jaribio lilikwenda vizuri. Niliomba ruhusa nikaondoka.

Nyumbani Rosa alikuwa ameweka beseni letu mlangoni, lile la kufulia, amelisugua. Akaniambia nisiende na maneno, niende na maji. Basi nililibeba beseni na dumu kwa mguu mpaka kwa Mzee Okeyo, na kila niliyekutana naye njiani aliniuliza ninauza nini.

Nilimkuta kwenye kigoda chake. Wake za wanawe walikuwa wanapura mtama uani. Niliwaomba wasiondoke, maana maneno yangu yale mabaya waliyasikia wao, na haya nayo ilibidi wayasikie. Nikasema, nikiwa nimesimama na beseni langu kama mchuuzi, kwamba waliipamba nyumba kwa heshima ya wageni, na kwamba siku ile uchafu pekee ulioingia humo ulitoka kinywani mwangu. Mkubwa wao, Adhiambo, alijibu akiwa anatazama mtama.

"Baba, tuliambiwa wageni wanakuja. Mgeni haonyeshwi buibui."

"Ni kweli, mama," nikasema.

Mzee Okeyo aliliangalia beseni langu. Kisha akaniuliza kama miguu yangu imemaliza kazi. Nikasema imemaliza. Nilianza kumimina maji nimwoshe, akaniondolea dumu mkononi.

"Keti wewe kwanza," akasema. "Mimi nilianza."

Nikaketi. Akanivua viatu. Ilikuwa siku ya tatu bila maji, nami nikafumba macho kwa haya. Nikamsikia akivuta pumzi, akageuza uso pembeni.

"Owadwa," akasema, "hata mimi ningekuwa buibui ningekuja mbio."

Adhiambo ndiye aliyeanza kucheka, akaziba mdomo kwa leso, na wenzake wakashindwa kujizuia. Mzee Okeyo aliniosha miguu taratibu, kidole kwa kidole, akaifuta. Nami nikamwosha yake, iliyopasuka visigino kwa kulima. Hatukuwa na mchungaji wala wimbo. Kuku walipita wakanywa maji ya beseni.

Tulipomaliza alisimama, akanishika mkono akaniingiza ndani, mpaka chumba chake cha kulala. Akavuta kitanda kidogo kutoka ukutani. Nyuma ya kitanda, kuta zote nyingine zikiwa laini na safi, palikuwa na sehemu pana kama mlango ambayo haikufagiwa wala kusiribwa, udongo wa zamani wenye nyufa na alama za vidole vya mkewe. Na pale walikuwepo, wa nyuso nyekundu na wake zao, mmoja ameshiba tumbo likang'aa.

"Niliwaambia wanangu wapaache hapa," akasema. "Nilitaka nimwonyeshe mgeni wako mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, akimaliza chai. Hukungoja."

Nilimkumbuka Mzee Chacha na kanuni yake. Nilikuwa nimekanyaga heshima ya mtu aliyeniwekea ukuta mzima, na kwa miezi yote ile, nilipokuwa nasikitika kwamba mlango umefungwa, wao walikuwa ndani wanazaana.

Nilichukua wachache siku hiyo, kwa idhini yake, yeye akielekeza kwa fimbo. Hao ndio mama za hawa mnaowalisha sasa kituoni. Mkibadilisha pamba, mkumbuke wametoka wapi. Mkiingia nyumba ya mtu, mkae kwanza, mnywe chai yote, msitazame ukuta mpaka mwenye nyumba auangalie yeye. Na mkiona mtu amefagia kwa ajili yenu, semeni asante, hata kama kafagia kazi ya mwaka mzima.

Mzee Okeyo yuko hai, na macho yake bado yanamwona buibui kabla yangu. Kila Meza ya Bwana huvuka kutoka benchi lake, ingawa sasa magoti yanamsumbua, huliweka beseni mbele yangu, na kwa sauti ambayo wazee wote huisikia huniuliza, "Leo miguu ni ya Bwana au ya kituo?" Wazee hucheka, na mgeni akiwepo husimuliwa kisa chote papo hapo. Nami huona haya upya, kama vile siku ile. Nimeacha kumwomba Mungu aniondolee haya hiyo. Navua viatu, nakaa.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Bwana aifanye mikono yako iwe myepesi juu ya viumbe wake wadogo, na ulimi wako uwe mwepesi zaidi juu ya watu wake. Akupe ndugu atakayevuka na maji kukutafuta. Na siku atakapofika, Mungu akujalie miguu isiyo na shughuli nyingine. Amina.